Maji ya Oktoba: pampu ya kamba na fundi anayeishi kwayo

Kabla hujanunua hata kipande kimoja cha bomba, muulize mwenye kisima: mwezi wa kumi maji yanakaa wapi? Usikubali jibu la mdomo. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe hadi liguse chini, livute, kisha pima sehemu kavu na sehemu iliyolowa. Fanya hivyo Oktoba yenyewe, kabla mvua ya kwanza haijaanguka. Tabora mvua huanza Novemba na kukatika kwenye Aprili, na kisima kinachopimwa Machi, wakati mbuga zote zimejaa maji na vyura, kitakudanganya mchana kweupe. Maji yaliyokuwa mita nne chini ya ukingo yanaweza kushuka mpaka mita kumi kabla mvua hazijarudi. Fundi aliyekata bomba kwa kipimo cha Machi atapigiwa simu Septemba, na simu hiyo huwa haina salamu.

Haya tunawaandikia vijana wa Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, pamoja na jirani zao wa Kasulu na Uvinza, wanaotaka kuishi kwa ufundi wa maji: kutengeneza, kufunga na kuhudumia pampu za kamba kwenye visima vya familia. Skimu za bomba zina wenyewe. Tangu mwaka 2019 RUWASA ndiyo inayosimamia maji vijijini, na uendeshaji uko mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Sisi tunazungumzia kile kisima cha nyuma ya nyumba ambacho mdomo wake umezungushiwa tairi kuukuu na ndoo inashushwa kwa kamba, kamba ambayo ikitoka kisimani inalala chini pamoja na kuku.

Kwanza ijue pampu hii inamtosha nani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Piga hesabu: 250 mara 25 ni lita 6,250. Pampu ya kamba ikitoa lita 20 kwa dakika, ni zaidi ya saa tano za kuzungusha bila kupumzika, kila siku ya Mungu. Itazunguka, ndiyo, lakini bushi, zile pete ambamo ekseli inazunguka, na kamba vitakwisha upesi na hakuna atakayejiona mwenyewe wa pampu. Iuze kwa familia moja, au kaya tano hadi kumi zinazofahamiana. Kijiji kizima kikitaka kisima kimoja, kifungiwe pampu ya mkono aina ya Afridev au kiende kwenye mtandao wa bomba.

Inavyofanya kazi, na bomba la kuchagua

Pampu ya kamba ni rahisi kuieleza na rahisi vilevile kuiharibu. Kamba iliyofungwa duara inapita ndani ya bomba la PVC. Kila baada ya mita moja ina pistoni, yaani kidude cha mviringo kinachokaribia kujaa bomba. Ukizungusha gurudumu, kamba inapanda ndani ya bomba ikiwa imebeba maji kati ya pistoni na pistoni, inayamwaga juu, kisha inashuka tena kisimani kwa nje. Haina vali wala ngozi ya kubana. Ilienea sana Nicaragua miaka ya 1980 na 1990, na hapa kwetu shirika la SHIPO la Njombe limefundisha mafundi wake kwa miaka mingi.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni bomba nene kwenye kisima kirefu. Mteja anataka maji mengi, fundi anampa bomba la inchi moja, na kisima kina mita 25. Bomba la inchi moja linabeba zaidi kidogo ya nusu lita kwa kila mita. Kwa mita 10 ni kama kilo tano na ushei, mtoto wa darasa la tano anazungusha huku anapiga soga. Kwa mita 25 ni zaidi ya kilo 13: kamba inateleza kwenye gurudumu, mama anasimamisha kila baada ya mizunguko mitano, na baada ya mwezi ndoo inarudi kazini. Kwa hiyo bomba la inchi moja liishie mita 10 au 11. Kutoka hapo hadi mita 20 tumia robo tatu, ambalo linabeba kama theluthi ya lita kwa mita. Kutoka mita 20 hadi 35 tumia nusu inchi, linalobeba kama sehemu ya tano ya lita. Ukizidisha mwenyewe utaona mkono unabeba kilo tano hadi saba tu popote pale. Kinachopungua ni wingi wa maji. Mweleze mteja hili kabla hajatoa pesa.

Urefu wa bomba unahesabiwa kwa maji ya Oktoba. Mdomo wa chini uwe angalau mita moja na nusu chini ya usawa wa maji ya Oktoba, na uache sentimita 30 hadi 50 kutoka sakafu ya kisima, usije ukavuta tope. Kama vipimo hivyo viwili havikubaliani, shida iko kwenye kisima, nacho kichimbwe zaidi kwanza. Kamba ni mara mbili ya urefu wa bomba, ongeza mita tatu au nne za gurudumu, fundo na akiba. Bomba la mita 18 linataka kamba ya mita 40 na pistoni 40.

Karakanani

Gurudumu ni tairi bovu la gari dogo, la ukubwa wa 13 au 14. Kata midomo yake miwili, ile yenye waya ndani, kisha ikutanishe mgongo kwa mgongo hadi ifanye mfereji wa V unaotazama nje. Kamba inakaa ndani ya V na kujibana yenyewe kadiri uzito unavyoongezeka. V ikiwa pana mno, kamba inagusa chini na kuteleza. Ishikilie kwa vipande vya flati baa au nondo ya milimita 8 iliyokunjwa, halafu uchomelee mikono minne hadi kwenye ekseli. Kisu cha kukatia kipakwe maji ya sabuni, la sivyo tairi litakula kutwa nzima.

Ekseli ni bomba la chuma, na bushi zake ni vipande vya bomba kubwa kidogo. Acha tundu juu ya bushi la kutilia mafuta. Oili chafu ya gari isitumike kabisa, maana matone yake yanaishia kisimani. Mafuta ya kula yanatosha, na kwa watu wa Kigoma mawese hayakosekani jikoni. Matone machache kila Jumapili, basi.

Usisahau kizuizi cha kurudi nyuma. Maji yaliyomo bombani yana uzito, na mkono ukiachia, hendeli inarudi kwa kasi. Mtoto aliyeinamia ndoo anapigwa kwenye taya. Kipande cha nondo kinachoangukia kwenye mikono ya gurudumu kinatosha, na gharama yake haifiki ya soda. Pampu isiyo na kizuizi isitoke karakanani.

Pistoni zinaweza kukatwa kwenye mpira wa tairi, lakini za plastiki zilizoyeyushwa kwenye kalibu hukaa muda mrefu zaidi. Tumia vipande vya ndoo na madumu yaliyovunjika, plastiki laini ile inayoyeyuka kama nta. Vipande vya bomba la PVC visiingie humo, moshi wake ni sumu. Kipimo cha pistoni ni hiki: idondoshe ndani ya kipande cha bomba ulichokiinamisha. Ikishuka yenyewe taratibu bila kugotagota, ni sawa. Ikigoma, ipunguze kwa tupa. Ikianguka puu kama sarafu kwenye kibubu, imepwaya, itupe kwenye plastiki ya kuyeyusha tena. Jambo la kuudhi ni kwamba bomba zinazoandikwa inchi moja hazina tundu sawa. Zenye ukuta mnene zina tundu dogo. Beba kipande cha bomba la dukani kwako kila unapokwenda kununua, na upime kwa pistoni hapohapo kaunta.

Kiongozi cha chini ndicho kinachowaumbua mafundi wengi. Ni pale kamba inapogeuka na kuingia bombani. Kisipokuwa laini, kitaila kamba kama msumeno. Fyatua kitofali kidogo cha zege chenye bomba la kupandishia, bomba fupi la kuingizia kamba, na kati yake kipande cha chupa au kigae chenye kioo ambacho kamba itateleza juu yake. Mdomo wa bomba la kupandishia upanuliwe kama tarumbeta: upashe moto juu ya jiko la mkaa huku ukizungusha, ukilegea usukumie kwenye shingo ya chupa, shikilia, mwagia maji. Ukigeuka rangi ya kahawia umeungua, kata uanze upya. Bila tarumbeta hiyo kila pistoni itagonga ukingo inapoingia, na mzungushaji ataisikia kwenye kiwiko: tk, tk, tk.

Maungio ya bomba yana mtego wa aina hiyo hiyo. Ukipaka gundi na usisukume bomba hadi katikati ya soketi, unaacha pengo ndani ambamo pistoni inajikwaa. Chonga ncha zote kwa kisu, weka alama ya penseli inayoonyesha nusu ya soketi, na usukume mpaka alama ipotee. Gundi ipakwe kwenye bomba, isipakwe ndani ya soketi. Ikimwagikia ndani na kukauka inakuwa kidonda.

Tunasisitiza kalibu, yaani umbo la mfano la kufuata vipimo, kwa kila kitu: ya stendi, ya kukunjia mikono ya gurudumu, ya kutobolea mashimo ya bolti. Kalibu zikiwa sawa, stendi ya Urambo itapokea gurudumu lililotengenezwa Sikonge. Mafundi watano wasio na kalibu watatengeneza pampu za aina tano, na fundi mmoja akihamia Mwanza pampu zake zinabaki yatima.

Siku ya kufunga, na wiki inayofuata

Mfuniko uwe umeshamwagwa siku saba kabla na kumwagiliwa kila siku. Kisima cha upana wa mita 1.2 kinataka mfuniko wa mita 1.5, unene wa sentimita 8, nondo za milimita 8 zikipishana sentimita 15. Kwa mchanganyo wa moja kwa mbili kwa nne (simenti, mchanga, kokoto), simenti inayotumika ni karibu mfuko mmoja. Uzito wake unapita kilo 300, kwa hiyo ufyatue pembeni ya kisima na uite watu wanane, au ufyatue nusu mbili. Acha tundu la bomba, tundu la kamba inayorudi, na mlango mdogo wa ukaguzi wenye ukingo uliosimama sentimita tano ili maji machafu yasiingie. Kuzunguka kisima weka sakafu yenye mteremko, na mfereji wa mita tatu au nne unaoishia kwenye migomba. Choo kikiwa karibu kuliko mita 30, au kiko upande wa juu wa mteremko, usifunge pampu hapo hata mteja akilia.

Baada ya kufunga, osha kisima kwa klorini. Kisima cha mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 3 kina lita 3,400 hivi. Klorini ya unga ya asilimia 65 inayohitajika ni gramu 260. Weka maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, ndipo unga ufuate, koroga, mwaga kisimani ukizunguka kuta, zungusha pampu hadi harufu itoke mdomoni, uache usiku kucha. Kesho yake piga maji mpaka harufu iishe, na maji hayo yasielekezwe kwenye bustani wala bwawa la samaki.

Halafu rudi baada ya wiki moja. Kamba mpya inanyooka siku za mwanzo, inalegea na kuteleza, na mteja anaamini ameuziwa kitu kibovu. Unafungua fundo, unapunguza sentimita kumi au ishirini, unafunga tena, unayeyusha ncha kwa kiberiti. Kazi ya dakika ishirini. Pampu nyingi zinazoitwa mbovu vijijini kwa kweli zilikosa dakika hizo ishirini.

Magonjwa mengine yanajitangaza yenyewe kwa anayesikiliza. Gurudumu jepesi na maji hayaji: kamba inateleza, au imekatika na umebaki kuzungusha hewa. Mzunguko unaokuwa mzito ghafla sehemu moja, kila baada ya mizunguko kadhaa: pistoni moja imevimba au fundo limekwama kwenye soketi, ihesabu, utaipata. Maji yanakuja kwa nguvu halafu yanakata, ukipumzika nusu saa yanarudi: pampu ni nzima, kisima ndicho kimechoka. Maji yakitoka kidogo kuliko zamani ingawa kamba imekaza, pistoni zimelika. Na ukisimamisha, ukaweka sikio kwenye mfuniko na kusikia maji yakimwagika kwa kishindo kwa nje ya bomba, kuna ufa au soketi imeachia. Maji kushuka polepole ndani ya bomba si ugonjwa. Pampu hii haina vali, hivyo ndivyo ilivyo. Jua nalo linakula kamba ya plastiki, kwa hiyo gurudumu livikwe kofia ya bati, ambayo pia inazuia mikono michafu.

Kisima chenyewe

Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya itale. Juu yake kuna tabaka la udongo na mwamba uliooza, na humo ndimo maji ya fundi wa mkono yalimo. Kekee ya mkono inapita kwenye mfinyanzi, kichanga na mwamba laini. Ikifika kwenye itale nzima inadunda na kulia kama nyundo kwenye reli. Hapo hakuna ushujaa. Hamisha shimo, elekea ukingoni mwa mbuga, na mkataba wako uwe umeshaandika nani analipia shimo lililokauka. Bomba la kisima liwe la inchi nne, mita tatu za chini zikatwe mipasuko kwa msumeno wa chuma, ncha ya chini izibwe. Pembeni mwa mipasuko jaza mchanga mnene wa milimita mbili hadi nne uliochekechwa na kuoshwa, kisha juu yake mfinyanzi, na mita tatu za mwisho uzishindilie sana, maana maji machafu ya juu hupenyea hapo.

Kuongeza kina cha kisima cha zamani kunafanyika Septemba na Oktoba, na kunaua. Shusha kwanza mshumaa unaowaka kwenye ndoo. Ukizimika, asishuke mtu. Mshumaa ukiendelea kuwaka haimaanishi kwamba hakuna gesi nyingine ya sumu, kwa hiyo anayeshuka afungwe kamba kifuani, na juu wabaki watu wawili wa kumvuta. Jenereta au mashine ya petroli isishushwe kisimani kamwe. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu ya kukuonya, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza huwa wa pili kufa.

Kigoma mambo yanabadilika. Milimani kule Kasulu na Buhigwe ukikuta chemchemi juu ya makazi, usiuze pampu. Jenga kidakio cha kukinga maji yake, shusha maji kwa bomba, utakuwa umemtendea mteja haki. Uvinza, nchi ya chumvi tangu enzi za mababu, onja maji ya majirani kabla hujachimba. Na upande wa Igunga na Nzega peleka sampuli ipimwe floraidi: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi.

Vibali navyo visikupite. Kuchimba visima vya maji kwa biashara kunahitaji leseni, na ofisi za mabonde ndizo za kuanzia: Bonde la Ziwa Tanganyika lina ofisi Kigoma, nayo Igunga, ambako maji yanamwagikia bonde la Wembere, ni ya Bonde la Kati lenye ofisi Singida. Mtengenezaji na mfungaji wa pampu anaanza na TIN na leseni ya halmashauri.

Pesa

Mafunzo ya siku tano ukumbini, yenye posho na fulana, hayamtoi fundi. Anayejua kuchomelea tayari, aliyepita VETA au aliyekulia kwenye karakana ya baiskeli na majembe, anahitaji wiki mbili za mikono michafu, kisha pampu tatu za kwanza afunge mbele ya mtu anayejua. Baada ya hapo kinachomwangusha ni daftari, kwa sababu hakufundishwa kupanga bei.

Chukua mfano, na namba hizi ni za kuonyesha njia tu. Vifaa 260,000. Kuchomelea na umeme 40,000. Usafiri 20,000. Siku mbili za watu wawili 60,000. Jumla 380,000. Fundi wengi wanaishia hapo, wanaongeza elfu ishirini, wanajiona wamepata. Ongeza asilimia 10 ya kurudi kukaza kamba na kubadilisha kilichoharibika ndani ya miezi sita, ambayo ni 38,000. Ongeza faida asilimia 20, yaani 76,000. Bei ni 494,000. Ile 38,000 iwekwe pembeni, kwenye simu au VICOBA, isichanganywe na hela ya ugali. Malipo ya awali yatoshe vifaa vyote. Fundi anayenunua bomba kwa pesa yake anamkopesha mteja bila kujua.

Mteja atapunguza bei, na ni haki yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii pampu yako si kamba na tairi bovu tu? Laki tano ya nini?"

"Ni kamba na tairi, mama, hujakosea. Ila kuna mita kumi na nane za bomba huko chini, na mfuko wa simenti. Na mimi nitarudi Jumatano ijayo kuikaza, halafu mwezi ujao. Hiyo safari nimeshaiweka humo ndani, sitakudai nauli."

"Na ikikatika kamba?"

"Kamba utainunua kwangu kwa mita, kama kanga. Nitakufundisha kufunga fundo leo hii, ili usinisubiri."

Kijana huyo hakushusha bei, na amefanya jambo la pili la maana: amemfundisha mteja fundo. Wengine wanalificha ili waitwe. Mteja anayejua fundo hakai bila maji siku tatu, na kamba bado anainunua dukani kwako. Weka rola moja ya kamba, pistoni 50 za kila saizi, bushi jozi mbili na soketi kumi. Faida ya vipuri ni ndogo lakini haina msimu.

Pampu zenyewe zina msimu. Urambo, Kaliua na Sikonge watu wana pesa baada ya masoko ya tumbaku, na shida ya maji inawauma kuanzia Agosti. Vitu hivyo viwili vinakutana kwa wiki chache tu. Tengeneza stendi na magurudumu Februari hadi Mei, wakati watu wako mashambani na bei ya tairi bovu haina mwenyewe. Ukingoja Agosti ndipo uanze kuchomelea, utafunga pampu nne na kukataa kumi. Mtaji wa kazi hiyo kikundi cha vijana au wanawake kinaweza kuuomba halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Nenda na hesabu kama hiyo ya juu, iliyoandikwa. Maombi yanayosema "tunaomba mtaji wa mradi wa maji" yanakaa chini ya rundo.

Kitu kinachoua soko hili kuliko ukame ni pampu ya bure. Mradi ukigawa pampu ishirini kwenye kata moja, jirani zao wote watakaa wakisubiri ya ishirini na moja. Anayetaka kusaidia na alipie kalibu, mafunzo, au sehemu ya bei kwa kaya isiyojiweza kabisa, na hata hiyo ipitie kwa fundi wa palepale, arudi wiki ya pili kama kwa mteja mwingine yeyote.

Na daftari liwe na ukurasa kwa kila pampu: tarehe, kina cha kisima, maji ya Oktoba, urefu na saizi ya bomba, siku kamba ilipobadilishwa. Oktoba inayofuata pita na lile jiwe lako na kamba, pima tena, andika namba ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Maji yakiwa yameshuka mita moja na kisima bado kina nafasi chini, ongeza mita moja ya bomba na mita mbili za kamba. Ni kazi ya asubuhi moja, na inalipwa.